Ua mpana hautoshi kuwa mazoezi ya mbwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika katika ukurasa huu wa barua kwamba mbwa anayeishi kwenye ua mpana hana haja ya kutembezwa, kwa kuwa anaweza kukimbia wakati wowote apendao, na kwamba watu wanaouliza mbwa anahitaji mazoezi ya dakika ngapi kwa siku wanajisumbua bure. Hoja hiyo nimeisikia pia kwa watu wanaowapenda mbwa wao kwa dhati, na ndiyo sababu sipendi ipite bila kujibiwa. Nimeishi na mbwa wa aina mbalimbali kwa muda mrefu, na naamini swali la dakika ni swali halali lenye majibu, ingawa majibu hayo hutofautiana kati ya mbwa mmoja na mwingine.

Nianze na huo ua. Mbwa aliyeachwa peke yake uani hafanyi mazoezi yanayomtosha. Siku za mwanzo atazunguka akinusa kila kona, lakini akishazizoea harufu zote zilizomo, muda wake mwingi ataupitisha amelala kivulini au amekaa langoni akisubiri mtu afungue. Akikimbia, hukimbia kwa sekunde chache kuifuata sauti iliyopita nyuma ya ukuta, akabweka, kisha akarudi kulala. Mbio za namna hiyo haziupi moyo wala misuli kazi ya kutosha, na mara nyingi humwacha mnyama na msisimko mwingi kuliko aliokuwa nao kabla ya kuinuka. Yeyote anayetaka kulithibitisha jambo hili akae dirishani saa moja, bila mbwa wake kumwona, ahesabu ni dakika ngapi katika saa hiyo mnyama alikuwa mwendoni. Mbwa huhitaji kuwa na mahali pa kwenda na mtu wa kwenda naye ndipo atembee. Upana wa ua haumpi hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Kuhusu hesabu yenyewe, kiasi kinachotajwa na madaktari wengi wa wanyama kwa mbwa mzima asiye na ugonjwa ni kuanzia nusu saa hadi saa mbili kwa siku, na ni vizuri muda huo ugawanywe angalau mara mbili. Pengo kati ya nusu saa na saa mbili ni kubwa, na mtu anaweza kulitumia kudai kwamba wataalamu wenyewe hawakubaliani. Hata hivyo, pengo hilo lina sababu inayoeleweka. Mbwa walizalishwa kwa kazi tofauti, kizazi baada ya kizazi, na miili yao inaendelea kuidai kazi ile hata pale ambapo kazi yenyewe imetoweka. Border Collie, ambaye asili yake ni maeneo ya mpakani kati ya Uingereza na Uskoti, alizalishwa kuchunga kondoo milimani kutwa nzima, akiitumia akili yake sawasawa na miguu yake; mbwa huyo akipewa nusu saa ya kuzunguka nyumba atakuwa hajaanza bado. Siberian Husky alizalishwa na Wachukchi wa kaskazini mashariki mwa Siberia avute sleji, yaani chombo kinachoteleza juu ya theluji, kwa masafa marefu katika baridi kali. Mbwa wa kuwinda kama Pointer, Labrador na Beagle nao waliteuliwa kwa uwezo wa kwenda porini kwa saa nyingi bila kuchoka. Kwa mbwa wa makundi haya, saa moja na nusu au saa mbili kwa siku si anasa.

Kwa upande mwingine, mtu asidanganyike na ukubwa wa mwili. Great Dane, ambaye dume lake huweza kupita kilo 70, kwa kawaida huridhika na mwendo wa wastani, ilhali Jack Russell Terrier mwenye kilo 6 au 7, aliyezalishwa kufukuza mbweha hadi mashimoni, humchosha mwenye nyumba kabla hajachoka yeye. Greyhound anaweza kukimbia karibu kilomita 70 kwa saa, lakini mbio zake ni za muda mfupi sana, na baada ya hapo hupenda kulala sehemu kubwa ya siku. Mbwa wenye nyuso bapa, kama vile Bulldog na Pug, wana matundu ya pua membamba na nyama laini ya kaakaa iliyorefuka kiasi cha kuziba njia ya hewa. Hao wanahitaji kutembezwa kila siku kama wengine, ila kwa vipindi vifupi, polepole, katika saa za ubaridi. Dachshund, kwa urefu wa mgongo wake, atembee kwa uhuru lakini azuiwe kuruka kutoka mahali pa juu, kwa sababu pingili za mgongo wake huumia kwa urahisi. Na kwa mbwa chotara, ambao ndio wengi, mfugaji hana budi kumtazama mbwa aliye mbele yake na kuacha kubahatisha ukoo wake.

Mjadala huu umewahi kufika hadi serikalini. Agosti mwaka 2020, Waziri wa Kilimo wa Ujerumani wa wakati huo, Julia Klöckner, alitangaza pendekezo kwamba kila mbwa atolewe nje mara mbili kwa siku, kwa muda wa jumla usiopungua saa moja. Wafugaji wengi walipinga, wakiuliza inakuwaje mbwa mzee mwenye maumivu ya viungo awekewe saa moja na kijana wa miaka miwili awekewe saa hiyo hiyo. Kanuni zilipoanza kutumika Januari mwaka 2022, hesabu ya saa ilikuwa imeondolewa. Kilichobaki ni kwamba mbwa apewe muda wa kutosha wa kutembea nje ya banda, na kwamba muda huo ulingane na aina yake, umri wake na hali ya afya yake. Uswisi, tangu kanuni zake za mwaka 2008, inataka mbwa watolewe nje kila siku kwa kadiri ya haja yao, na hata mbwa anayefungwa kamba lazima apate saa 5 kwa siku za kutembea akiwa huru.

Naitaja mifano hiyo kwa sababu hapo ndipo ninapotofautiana kabisa na msomaji mwenzangu. Yeye anaona kwamba, maadamu hakuna idadi moja ya dakika inayomfaa kila mbwa, basi mwenye mbwa hana deni lolote. Sheria hizo zimeliondoa swali la dakika mikononi mwa serikali na kulikabidhi kwa mfugaji, lakini deni limebaki pale pale. Aliyeambiwa ampe mbwa wake mazoezi ya kutosha amepewa kazi ngumu kuliko aliyeambiwa ampe saa moja, kwa kuwa inambidi amchunguze mnyama wake na kujua yatoshayo ni yapi. Mimi mwenyewe, nikilazimishwa kutaja kiwango cha chini ambacho mbwa mzima mwenye afya asipungukiwe nacho, ningetaja nusu saa kila siku ya kutembea nje pamoja na mtu, na ningewasihi walio wengi waongeze.

Tena dakika hazina uzito sawa. Kuna mtu anayetembea na mbwa wake saa nzima, amemvuta kamba fupi, hamruhusu kusimama, naye mbwa anarudi nyumbani akiwa bado na kiherehere. Mwingine hutoka dakika 40, kamba ikiwa ndefu, mbwa akisimama kwenye kila kichaka kwa muda anaoutaka, akirudi hulala usingizi mzito. Tofauti yao iko puani. Pua ya mbwa ina vipokea harufu vinavyofikia milioni 300 katika baadhi ya aina, wakati ya binadamu ina milioni chache tu, na kunusa ndiko kusoma kwa mbwa: ananusa nani amepita, lini, alikuwa katika hali gani, alielekea wapi. Mwaka 2019 watafiti Charlotte Duranton na Alexandra Horowitz walichapisha matokeo ya jaribio ambalo mbwa wa kundi moja walifanya zoezi la kutafuta kitu kwa kunusa, na wa kundi la pili wakafanya zoezi la kutembea sambamba na mwenye mbwa, kila siku kwa muda wa wiki mbili. Mwishoni mbwa wote walionyeshwa bakuli lililowekwa mahali ambapo hawakuweza kujua kama lina chakula au halina. Wale waliozoezwa kunusa walilikaribia kwa haraka zaidi kuliko walivyofanya mwanzoni, dalili ambayo watafiti waliitafsiri kuwa ya matumaini. Wale wengine hawakubadilika.

Kwa hiyo, ninapomwona mtu akimkokota mbwa aliyeinamisha pua chini, huwa natamani nimwombe asubiri kidogo. Kipindi hicho ni cha mbwa, na mara nyingi ndicho pekee katika siku yake yote ambacho anaweza kuchagua jambo. Simaanishi kwamba mbwa asifundishwe kutembea kwa adabu; afundishwe, na barabarani afungwe kamba, kwa usalama wake na wa wapita njia. Nasema tu kwamba katika kila matembezi pawepo sehemu ambayo yeye ndiye anayeongoza. Na siku ambayo mfugaji hawezi kutoka muda mrefu kwa sababu ya mvua kubwa au ugonjwa, kumfichia mbwa vipande vya chakula chake ndani ya nyumba avitafute kwa pua, au kumfundisha jambo jipya kwa dakika 10, humtuliza kwa kiasi ambacho wengi hawakitarajii. Hiyo ni dawa ya siku moja au mbili, isigeuzwe desturi.

Kosa jingine lililoenea ni la kumlimbikizia mbwa mazoezi yote mwishoni mwa juma. Siku tano mnyama yuko ndani, siku ya sita anapelekwa kukimbia masafa marefu pembeni ya mfugaji wake aliyepanda baiskeli. Misuli ambayo haikuandaliwa haiwezi kuyashikilia maungio vizuri, nyayo ambazo hazijakomaa huchubuka, na mbwa, kwa hamu yake ya kumfuata mtu wake, hatasimama kusema amechoka. Vivyo hivyo kuhusu kurusha mpira mara kwa mara bila kupumzika. Mchezo huo ni mzuri kwa muda mfupi, lakini kila mara mbwa anapofunga breki ghafla na kugeuka, uzito wote huangukia bega na kano za goti, na mbwa aliyenogewa na mpira huendelea kuufuata hata anapoanza kuchechemea. Nusu saa kila siku ina manufaa kuliko saa nne za Jumapili, na anayetaka kukimbia na mbwa wake aongeze umbali kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, kama mwanariadha anayeanza upya.

Kuhusu watoto wa mbwa nataka niseme kwa kirefu kidogo, kwa sababu huko ndiko wema hugeuka madhara. Mtoto wa mbwa wa miezi mitatu hulala hadi saa 18 au 20 kwa siku, na katika muda mfupi anaokuwa macho hurukaruka kiasi cha kumfanya mtu adhani ana nguvu zisizokwisha. Mifupa yake ingali inarefuka kutokea kwenye sehemu laini zilizo karibu na ncha zake, na sehemu hizo hazifungi mpaka apate miezi 9 hadi 12 kwa mbwa wadogo, na miezi 18 au hata zaidi kwa wale wakubwa sana. Jeraha mahali hapo linaweza kuupinda mguu maisha yote. Kuna kanuni inayorudiwa sana, kwamba mtoto wa mbwa atembezwe dakika 5 kwa kila mwezi wa umri wake, mara moja au mbili kwa siku; yaani wa miezi minne dakika 20. Kanuni hiyo ni makadirio ya wazoefu, haikupimwa kwa utafiti, na kwa maoni yangu inafaa kama kikomo cha matembezi ya kamba, ambapo mtoto halazimiki tu kwenda bali analazimika kwenda mwendo wa mtu mzima. Haifai kutumiwa kumzuia asicheze.

Kuna ushahidi unaonitia nguvu katika hilo. Watafiti wa Norway walifuatilia aina nne za mbwa wakubwa, wakiwemo Labrador na Newfoundland, na mwaka 2012 wakachapisha walichokiona: watoto waliopanda na kushuka ngazi kila siku kabla ya kufika miezi mitatu walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata kasoro ya nyonga, wakati wale waliopata kutembea huru, bila kamba, kwenye uwanda wenye nyasi na vilima vidogo, hatari yao ilipungua. Maana yake ni kwamba mwendo wenyewe haumdhuru mtoto wa mbwa. Kinachomdhuru ni aina ya mwendo. Aachwe ajikimbilie kwenye ardhi laini, asimame anapotaka, alale anapotaka. Asikimbizwe pembeni ya baiskeli, asirushwerushwe juu, na ngazi abebwe. Kabla chanjo zake hazijakamilika, jambo ambalo kwa kawaida hutokea akiwa na wiki 16 hivi, asipelekwe mahali wanapopita mbwa wasiojulikana, kwa hofu ya virusi vya parvo, vinavyoleta ugonjwa hatari wa kuhara na kutapika. Lakini abebwe mikononi atolewe nje, aone watu, asikie magari, kwa kuwa miezi hiyo hiyo ya mwanzo ndiyo anayojifunza yapi ya kuogopa na yapi ya kuyazoea.

Jambo la joto linanitia wasiwasi kuliko yote. Watu wengi wamekwisha kuelewa kwamba mbwa asiachwe ndani ya gari lililofungwa juani, na ni vema. Ila uchunguzi wa kumbukumbu za kliniki za wanyama nchini Uingereza, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba takriban robo tatu ya visa vya mbwa kuzidiwa na joto vilitokana na mazoezi, na vile vya magari vilikuwa karibu asilimia 5 tu. Kama hali ni hiyo katika nchi isiyosifika kwa jua kali, wanaoishi penye joto wana sababu zaidi ya kuwa waangalifu. Mbwa hatoi jasho mwilini kama binadamu. Tezi za jasho alizo nazo nyayoni hazimsaidii sana, hivyo njia yake kuu ya kupoza mwili ni kutweta, na kukiwa na unyevunyevu mwingi hewani hata kutweta hakumfai. Joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39 za Selsiasi. Likipita 41, viungo vya ndani huanza kuharibika.

Basi atembezwe alfajiri au jioni jua likishapoa, na kabla ya kutoka mfugaji aweke kiganja chake juu ya lami: akishindwa kukiacha hapo kwa sekunde 7, nyayo za mbwa nazo zitaungua. Maji yabebwe. Mbwa akianza kutweta kwa nguvu bila kupunguza hata baada ya kusimama, mate yakawa mazito, fizi zikaiva wekundu, akayumba au kutapika, asikimbizwe kliniki akiwa katika joto lile. Amwagiwe maji ya baridi mwili mzima hapo hapo alipo na apepewe, kisha apelekwe kwa daktari huku akiendelea kupozwa. Bado wapo wanaosema maji ya baridi humwongezea mbwa madhara. Madaktari wa wanyama siku hizi wanasisitiza apozwe kwanza na asafirishwe baadaye, na kuchelewa ndiko kunakoua.

Mbwa mzee hakustaafishwa. Hili nalisema kwa sababu nimewaona wengi walioachwa walale kutwa pindi tu nywele za mdomoni zilipoanza kuwa nyeupe, na ndani ya miezi michache miguu ya nyuma ikawa imekonda kiasi cha kushindwa kuinuka. Misuli ndiyo inayoshikilia maungio yaliyochakaa. Ikinywea, maumivu huongezeka, na maumivu humfanya mnyama azidi kukataa kutembea. Kinachomfaa ni matembezi mafupi ya mara nyingi, dakika 10 au 15 mara tatu au nne kwa siku, kwenye ardhi tambarare, kwa mwendo anaouchagua yeye. Kuogelea, palipo na maji salama, kunampa kazi bila kuyatwisha maungio uzito. Akiamka asubuhi ya pili akiwa amekakamaa kuliko kawaida, ya jana yalizidi na ya leo yapunguzwe. Dawa za maumivu zipo, na daktari wa wanyama ndiye wa kuzipima, kwa maana baadhi ya vidonge vya binadamu ni sumu kwa mbwa.

Niongeze neno kuhusu unene, kwani wapo wanaodhani watauondoa kwa kumtembeza mbwa zaidi huku bakuli likibaki vile vile. Utafiti mmoja mashuhuri uliochapishwa mwaka 2002 ulifuatilia Labrador 48 maisha yao yote, wakiwa wawili wawili, mmoja akila robo pungufu ya mwenzake. Waliokula pungufu waliishi karibu miaka miwili zaidi, na maradhi ya viungo yaliwajia wakiwa wamechelewa sana. Mbwa anayetembea vizuri na kulishwa kupita kiasi ataendelea kunenepa. Mbavu zake ziguswe: zinapaswa kuhisiwa kwa urahisi chini ya ngozi, na kiuno kionekane ukimtazama kutoka juu.

Mfugaji atajuaje kwamba kiasi alichokichagua kinatosha? Mbwa aliyepungukiwa hutafuna viatu na milango, hufukua mashimo, hubweka bila sababu, huwarukia wageni, hukimbia akizunguka mahali pamoja usiku watu wakitaka kulala. Si kila tabia ya namna hiyo inatokana na ukosefu wa mazoezi. Nyingine ni woga wa kuachwa peke yake, nyingine ni ugonjwa, na mabadiliko ya ghafla yapelekwe kwa daktari. Lakini ninashauri kwamba, kabla ya kumwita mbwa mkorofi na kumfunga mnyororo, mwenye nyumba amtembeze asubuhi na jioni kwa mwezi mmoja, kila siku bila kukosa, kisha atazame upya. Aliyezidishiwa naye hujulikana: hubaki nyuma njiani, hulala chini kabla ya safari kwisha, huchechemea kesho yake, hulamba nyayo zake. Aliyepata kadiri yake hurudi, hunywa maji, hulala, na jioni yuko tayari tena.

Natambua kwamba wapo wasioweza. Mtu mwenye zamu ndefu kazini, mgonjwa, mama mwenye mtoto mchanga. Hao siwalaumu, na mara nyingi jirani mwaminifu au kijana wa ukoo anayependa wanyama huweza kuifanya kazi hiyo vizuri kabisa. Ninachokilalamikia ni uchaguzi unaofanywa kabla mbwa hajaletwa nyumbani. Watu humchagua kwa rangi ya manyoya, kwa macho ya buluu, kwa jinsi alivyopendeza kwenye picha, wakamchukua Husky au Border Collie kwa nyumba ambayo hakuna anayerudi kabla ya saa mbili usiku. Mbwa mtulivu aliyekwisha kupita ujana angeishi kwa raha katika nyumba hiyo hiyo. Swali la kwanza la anayetaka mbwa liwe ni muda gani anao kila siku, mvua na jua, kwa miaka 10 au 15 ijayo, na aina ya mbwa itokane na jibu hilo.

Ndiyo maana nawaomba wanaouza watoto wa mbwa, na wanaoendesha makazi ya mbwa waliotelekezwa, wamweleze kila anayekuja kuchukua mnyama ni kazi gani mbwa wa aina ile alizalishiwa na anahitaji kutembea kwa muda gani, na wamwandikie maelezo hayo kwenye karatasi aende nayo. Na kama gazeti lako, Ndugu Mhariri, litampa nafasi daktari wa wanyama ajibu maswali ya wasomaji kuhusu jambo hili, nina hakika maswali hayatakosekana, na mimi nitakuwa na langu la kuuliza kuhusu mbwa wenye maradhi ya moyo, ambao sikuthubutu kuwagusa katika barua hii kwa kuwa kila mmoja wao anahitaji kupimwa kwanza.

Wako,
Msomaji na mfugaji wa mbwa